Jina la Butoyi Nililokuficha

Salma mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga majirani, na kwa jinsi ninavyoujua mtaa wetu, kila nyumba itakukalisha, itakupa chai na kukuuliza habari za Kigoma kana kwamba umeshafika na kurudi. Kwa hiyo nina nafasi. Nimefunika cherehani, nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, nimechukua kalamu yako bila ruhusa.

Mambo ya safari sitayaandika. Karatasi za mpakani unazijua kuliko mimi, baba yako amekwisha kukata tiketi, na mtu aliyekubaliwa kusomea uuguzi hafundishwi na mshona nguo jinsi ya kula na kulala. Nataka kukuandikia jambo moja ambalo unalijua nusu. Unajua kwamba nilikuficha kadi. Hujui kwa nini, wala hujui niliipataje. Uliponiuliza nilisema nilikuwa nimesahau kwamba ninayo. Haikuwa kweli. Kila siku nilijua ilipo, kama mtu anavyojua jino linalomuuma.

Nilikuwa na wivu, Salma. Nimeliandika neno lenyewe mapema ili nisipate njia ya kulizunguka.

Wivu huo haukuanza na wewe. Ulianza nikiwa mdogo, pale ufukweni ambapo marehemu mama yangu, bibi yako Asha, alikuwa akianika ndagala. Dada yangu Zuhura ananizidi miaka mitatu tu. Lakini mama alikuwa akimkalisha karibu yake, wanachambua samaki huku wakiongea kwa sauti ya chini, na mimi nikisogea maneno yanabadilika. "Mwajuma, kalete maji." Nimechota maji mengi sana utotoni mwangu, mwanangu. Nilikuwa naijaza ndoo mbio mbio ili nirudi kabla hadithi haijaisha, na kila nikirudi nawakuta wanazungumzia bei ya chumvi.

Siku moja nilimuuliza mama kwa nini Zuhura anaambiwa na mimi siambiwi. Akanijibu bila kuinua macho, "Wewe uko na mudomo mwepesi." Alikuwa sahihi. Ila mtoto wa miaka saba haambiwi ukweli wa namna hiyo akausahau.

Walichokuwa wanakizungumza ni habari za mama yake mama, yaani Bibi Mwamini. Hilo nilikuja kulijua ukubwani. Katika mtaa wetu wa Waswahili hapa Rumonge, enzi zile, kila familia ilipenda kusema babu zake walitoka Ujiji au ng'ambo ya Kongo. Familia ambayo bibi yake alishuka kutoka milimani kwa njaa na kusilimu mjini, hiyo ilinyamaza. Mama alinyamaza. Alimwambia mtoto mmoja tu, yule mwenye mdomo mzito.

Miaka yake ya mwisho mama aliishi Kigwena kwa Zuhura, kwa sababu kule kuna uwanja na hewa ya michikichi, na hapa kwetu kulikuwa na vyumba viwili na kelele za cherehani. Wewe ulikuwa bado unasoma shule ya msingi. Nilikuwa nakwenda kumwona kila nikipata siku. Siku moja nilimkuta amelala, Zuhura yuko nyuma ya nyumba anapika mawese. Nikafungua sanduku lake la bati kutafuta kanga chafu nimfulie. Chini kabisa nikakuta kitambaa kimefungwa fundo, na ndani yake kadi ya zahanati, ngumu, rangi ya chai, imeandikwa kwa mkono kwa Kifaransa. Kifaransa changu unakijua. Lakini majina hayahitaji Kifaransa. Niliona *Mwamini*. Kabla ya Mwamini niliona jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu: *Butoyi*. Na niliona *Muhuta*, na jina la mlima.

Nikaitia kifuani. Nilijiambia, Zuhura ana maneno yote, basi mimi niwe na karatasi moja. Nikazifua zile kanga, nikazianika, nikaaga, nikapanda gari. Miezi minne baadaye mama alifariki.

Sasa nije kwako.

Unakumbuka kazi mliyopewa shuleni mwaka wa mwisho, kuandika majina ya wazee wenu, wanaume na wanawake, mpaka kizazi cha nne. Wanaume uliwapata wote kwa jioni moja. Upande wa wanawake ukafika kwa Bibi Mwamini, ukakwama. Wenzako waliacha nafasi tupu, wakapewa alama zao, wakaendelea na maisha. Wewe hukuacha. Mwalimu alikwisha kusahau swali lake na wewe bado unazunguka nalo.

Ulianza na kitabu cha kodi cha mume wake. Ukakuta wamemwandika mwanaume jina, jina la baba yake, kazi yake ya uvuvi, hata kovu la shavuni. Halafu chini: mke, mmoja. Ulirudi umekasirika. "Mama, angekuwa mbuzi wangeandika rangi yake." Ulikwenda ofisi ya serikali ya komini, ukarudi na vumbi la madaftari mikononi tu. Ulikwenda msikitini, wakakuruhusu kutazama daftari la ndoa, na pale ukampata: Mwamini binti Abdallah. Ulikuja mbio mpaka kwenye meza yangu ya kushonea, ukanishika mabega. "Nimempata baba yake, Mama! Anaitwa Abdallah!"

Mimi nikakuambia, "Vizuri," nikaendelea kushona kola.

Miezi mitatu ulimtafuta Abdallah. Na kila Jumamosi ulikwenda Kigwena kwa mama yako mkubwa. Ulikuwa unarudi unanuka mawese, na kinywa kimejaa habari. Kwamba Bibi Mwamini alikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda. Kwamba alikuwa akicheka amefunika mdomo. Kwamba siku za soko alikaa kando ya njia wanayoshukia watu wa milimani. Ulikuwa unanisimulia mimi habari za bibi yangu mwenyewe, na ulidhani unanifurahisha.

Jumamosi moja ulirudi umesukwa. Nywele zako nimezisuka mimi tangu zilipokuwa na urefu wa kucha. Nilipoona ile misuko midogo midogo ya mkono mwingine, nilijisikia kama mtu aliyekuta mgeni jikoni kwake anaonja chungu. Nilikuambia imekukaza sana, itakung'oa nywele. Haikuwa imekukaza. Ilikuwa mizuri.

Na nikuambie la aibu zaidi. Hata yeye Bibi Mwamini nilimwonea wivu. Mwanamke aliyekufa kabla sijaota meno, binti yangu anamtafuta daftari kwa daftari, na mimi niliye hai, nimekaa hatua mbili kutoka kwake, hajawahi kuniuliza hata siku moja nilizaliwa saa ngapi. Nilikuwa nakutazama unaandika jina lake kwa kalamu nyekundu kwenye ubao wako wa majina, na nilikuwa nasema moyoni: nami nikifa, labda atanitafuta hivi.

Kisha ukaja ule mchana wa kijiji cha Kizuka. Ulikuwa umesikia kuna mzee kule anayejua wazee wote wa msikiti wa zamani. Ulikwenda na kurudi kwa miguu. Ulipoingia uso ulikuwa umevimba. Ukakaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, ukanieleza alivyokuambia.

"Anasema, 'Binti, unatafuta Abdallah gani? Abdallah iko kila mutu. Mutu akisilimu, hawamujui baba yake, wanamuandika mwana wa Abdallah, kwisha.'" Halafu ukalia. "Hakuna Abdallah, Mama. Miezi yote hii namtafuta mtu ambaye hayuko."

Kadi ilikuwa kwenye droo ya cherehani. Goti langu lilikuwa linaigusa ile droo. Nilikutazama unalia, na nikakanyaga pedali. Nilishona mshono mzima wa pembeni, mrefu, umenyooka. Kama kuna siku moja ya maisha yangu ningepewa niirudie, ni ile, na ningeondoa mguu.

Nilikupa wiki mbili baadaye, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wewe ulinikumbatia na kunishukuru, na mpaka leo unasimulia kwamba mama yako alikufungulia mlango. Ulikuwa umerudi kutoka Kigwena. Ulisema tu, bila ubaya, "Mama Mkubwa ameniambia angekuwa na hata kipande cha karatasi angenipa. Yeye hafichi kitu."

Nikafungua droo. "Chukua," nikakuambia. "Mama yako mkubwa ana maneno. Mimi nina karatasi."

Haukuwa wema. Nilitaka kumshinda dada yangu. Uliponikumbatia nilifurahi furaha ya mwizi anayesifiwa kwa ukarimu. Na papo hapo nikaongeza la pili: "Ila usimwambie kwanza. Twende sisi wawili."

Wewe ndiye uliyenisomea kile Kifaransa. Butoyi, Mwislamu, anaitwa Mwamini. Mlima fulani, Muhuta. Kisha kidole chako kikasimama. "Mama, imeandikwa huu ni uzazi wake wa pili. Bibi Asha si alikuwa mtoto wa kwanza?" Nikasema labda wa kwanza alikufa. Watoto wa zamani walikuwa wanakufa. Ukanieleza pia nisilolifikiria: Butoyi ni jina la pacha mdogo, na penye Butoyi pana Bukuru. "Tukifika tusiulize mtu mmoja," ulisema. "Tuulize mapacha."

Nilikuona siku ile una akili kuliko mimi, na nilifurahi bila wivu. Naiandika kwa sababu ilitokea mara chache.

Muhuta tulipanda ule mlima kutoka barabara ya ziwani nikiwa natweta, wewe unanivuta mkono. Yule baba aliyekuwa analima mihogo alisimamisha jembe alipotusikia.

"Bukuru na Butoyi? Bukuru alikufa zamani. Butoyi nasikia aliliwa na mamba huko ziwani. Lakini mutoto wa Butoyi, huyu hapa juu. Mumuite Nyogokuru Sabina, ni bibi ya wote huku."

Mkono wako ulinibana. Nadhani sote wawili tuliielewa ile kadi kwa wakati mmoja.

Unamkumbuka alivyokuwa ameketi mbele ya nyumba, miguu imenyooka kwenye mkeka, anachambua maharagwe kwa kuyapapasa, maana macho yake hayaoni tena. Mjukuu wake akamwambia kuna wageni wa kutoka Rumonge. Tukamsalimu, amahoro. Ukamsomea kadi, ukamgeuzia kwa Kirundi. Aliendelea kuchambua mpaka maharagwe yote yakaisha. Nakuandikia kwa Kiswahili aliyoyasema, maana wewe ulikuwa unalia na sijui uliyasikia yote.

"Waliniambia mamba," alisema. "Nilikuwa na miaka minne au mitano. Baba alikuwa amekufa, ilikuwa njaa, mama akashuka kutafuta chakula ziwani. Nyanya mzaa baba alisema ameliwa na mamba. Nikakua nalo. Nilipoanza kuota matiti, mpita njia mmoja akaniambia, mama yako hakuliwa na chochote, yuko Rumonge, anavaa kanga, ameolewa na mvuvi. Nikashuka. Nilitembea peke yangu, nikalala njiani kwa watu. Nikaonyeshwa nyumba. Alikuwa amekaa mlangoni, nikakitambua kile kidole. Kati ya magoti yake kulikuwa na mtoto wa kike. Alikuwa anamsuka."

Akafuta mkeka kwa kiganja.

"Nilisimama pale nilipo mpaka akamaliza upande mmoja wa kichwa. Kisha nikarudi nyumbani. Sikumwita. Nilisema, kumbe mikono yake haikufa. Kumbe ina kazi."

Mtoto yule, Salma, ni mama yangu. Mwanamke yule kipofu alikuwa amebeba wivu kwa miaka inayozidi umri wangu, na kwa kichwa cha mama yangu. Nilitaka kumshika mkono. Lakini alikuwa na maswali.

"Sauti yake ilikuwa nzito au nyembamba? Mimi nimeisahau."

Nikasema sijui.

"Alikuwa anapenda kula nini?"

Sijui, Nyogokuru.

"Aliwahi kunitaja?"

Nilikuwa nimekuja na karatasi tu. Nikasema ukweli kwa mara ya kwanza: "Mimi sikuambiwa. Mwenye kuyajua hayo ni dada yangu. Yuko Kigwena."

Akageuza uso wake upande wangu kama anayeniona. "Basi kwa nini umekuja wewe, na yeye ukamuacha?"

Siku hiyo njia nzima ya kurudi ulijaribu kunifariji. Ulisema hakuwa na nia mbaya. Ndiyo, hakuwa na nia mbaya. Aliuliza swali la kawaida kabisa, na mimi nilikuwa nimepanda mlima mzima nikiwa sina jibu lake.

Kesho yake nilikwenda Kigwena peke yangu. Hukuwapo, na mama yako mkubwa ni mtu wa heshima, najua hakukusimulia. Nakusimulia mimi. Nilimkuta anachemsha chikichi kwenye pipa, moshi umemjaa machoni. Nikamwambia habari ya Sabina. Akakaa chini kwenye kuni. Akacheka, akalia, akaniuliza tumempataje. Ndipo nikatoa kadi.

Aliitazama kwa muda mrefu bila kuigusa.

"Ulitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la mama."

"Lini?"

Ningeweza kusema baada ya mazishi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Kabla."

Moto ulikuwa unanguruma chini ya pipa. Zuhura akasema polepole, "Miezi yake mine ya mwisho mama alikuwa ananiuliza, Zuhura, karatasi yangu iko wapi. Nikasema karatasi gani, mama. Akaniita mwizi. Mimi, niliyekuwa namuogesha. Alikataa kula mukononi mwangu siku mbili. Alisema anataka apelekwe Muhuta, nikasema anaweweseka. Alikuwa ameniambia habari nyingi za mama yake, lakini jina la mlima hakuniambia, na mtoto hakuniambia kamwe. Alikuwa anataka anionyeshe karatasi." Kisha akaniangalia. "Na wewe ulikuwepo, Mwajuma. Ile siku aliyoniita mwizi ulikuwa umekaa pale mlangoni, unamenya mihogo."

Nilikuwepo. Nilikuwa namenya mihogo, na niliitazama mihogo.

Nikamweleza kwamba nilikuwa na wivu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa mama. Nilidhani atanielewa hapo. Akasimama, akaokota kijiti cha kukorogea.

"Wivu wa nini? Wa kumuogesha? Wa kufua mashuka? Ungekuja tungepokezana. Mulango ulikuwa wazi." Akaanza kukoroga. "Enda nyumbani, Mwajuma. Leo sitaki kukuona."

Siyo leo tu. Hakutaka kuniona mwezi mzima na siku kadhaa. Halafu siku ile akakutumia ujumbe wewe, siyo mimi, kwamba mjiandae mwende Muhuta. Ulikuja kuniuliza kama sitakasirika. Nikasema nendeni, nina nguo za harusi za watu. Zile nguo hazikuwa za harusi. Nilikaa mlangoni nikatazama gari lenu, na wivu ulikuja tena, wote, kama haujawahi kukemewa. Ninyi wawili mmekaa kiti kimoja, na Sabina anawangoja, na mimi ndiye niliyempata. Mpaka mnarudi nilikuwa nimeharibu mikono miwili ya gauni.

Ulipoingia ulipitiliza ndani kunawa uso. Zuhura akabaki, akakaa kwenye benchi la wateja, akavua viatu. Alinisimulia bila kunitazama, kama mtu anayetua mzigo mzito alioubeba kwa ajili ya mwingine.

Alisema amemwambia Sabina kwamba sauti ya Bibi Mwamini ilikuwa nzito. Kwamba chakula alichokipenda ni maharagwe yaliyopikwa na ndizi, bila mawese. Kwamba hakuwahi kutaja jina la mtoto, lakini kila siku ya soko alikaa kando ya njia na mfuko wa chumvi, anawapa akina mama wanaorudi milimani, na huwa anamshika mmoja mkono, anamnong'oneza. Zuhura alidhani ni sadaka. Mama yetu naye alikuwa akiita sadaka.

"Sabina akaniuliza chumvi ilikuwa imefungwa na nini," Zuhura alisema. "Nikamuambia, majani ya mugomba, na kamba nyekundu. Mama alisema Bibi Mwamini alikuwa anachana kanga yake kuukuu. Mwajuma, yule bibi akapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Alisema chumvi ilikuwa inafika. Kila mwezi inafika, na kamba nyekundu. Nyanya yake alikuwa anamuambia ni ya muchuuzi." Zuhura akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Alikula chumvi ya mama yake utoto wote na hakujua. Anasema angejua, siku ile pale mlangoni angemwita."

Kisha akaangalia lile gauni mapajani mwangu, akasema, "Mikono umeiweka nyuma mbele." Akalichukua, akaanza kufumua. Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema. Lakini alifumua mikono yote miwili.

Nimekuwa nikijiuliza nikupe nini katika haya yote, na sioni kama nina hekima ya kukupa. Ninachokijua ni kidogo. Nilidhani kupendwa ni kama mkate, mwenzako akikata kipande chako kinapungua. Sabina alidhani hivyo pia. Kama angeita jina moja tu pale mlangoni. Kama mimi ningesema, "Mama, karatasi iko kwangu." Maneno mafupi kabisa yote mawili. Wivu haukutuambia uongo mkubwa. Ulituambia tu tusubiri kidogo, tusiseme sasa hivi, na sasa hivi ikapita. Mama yangu alitaka kupelekwa kwa ndugu yake akiwa hai, na mimi nilikuwa na njia kifuani. Hilo sitalitengeneza. Nimemwambia Mungu, nimemwambia Zuhura, na leo nimekuambia wewe, na bado lipo.

Ule ubao wako wa majina umeniachia ukutani. Nimeutazama sasa hivi. Umeandika Butoyi, na chini yake Sabina na Asha, kisha Zuhura na Mwajuma, kisha wewe. Sikuwahi kukuambia kwamba uliponiandika, uliniandika kwa ile kalamu nyekundu. Niliona.

Kesho hutanikuta kwenye gari. Baba yako alinunua tiketi mbili mpaka mpakani, yako na ya wa kukusindikiza, na wote mlidhani ni mimi. Nimekwenda Kigwena leo mchana nikampa Zuhura. Alinitazama kama nina homa. "Una uhakika?" Nikamwambia sina, achukue haraka. Yeye hana binti, Salma. Hajawahi kumsindikiza mtu anayemrudia. Ukikaa naye dirishani, muache akushike mkono, na usigeuke sana kuniangalia, maana nitakuwa nimesimama na uso ambao sijaufanyia mazoezi.

Jambo la mwisho. Jana nilikusikia kwenye simu unaongea na yule mama wa Kigoma utakayepanga kwake. Ulikuwa unacheka. Nikasikia anasema amekuandalia godoro karibu na dirisha, na nikasikia ulivyomjibu: "Asante, Mama." Nilikuwa nakaanga samaki, nikaunguza wawili.

Atakupikia ukiumwa. Siku moja atakusuka. Utampenda, na inatakiwa umpende, kwa sababu mtu hawezi kuishi miaka mitatu mahali bila mama. Mwite hivyo hivyo, Mama, kwa sauti, hata mimi nikiwa kwenye simu. Usinifiche. Mimi nitakasirika, nitakata simu nikijifanya mtandao umekatika, nitazunguka uwanja mara mbili. Kisha nitapiga tena, na nitakuomba unipe yeye, nimsalimie.

Mama yako,
Mwajuma